Mwenye Kuona na Mwenye Kusitiri

Mtu aliyepata kukaa stesheni ya Kilosa zamani, wakati mabehewa ya mizigo yalipokuwa yakikatwa kutoka reli ya kati na kuunganishwa na tawi liendalo Mikumi na Kidatu, atakumbuka kwamba karani wa mizigo alikuwa mtu mwenye elimu kubwa na elimu ndogo kwa wakati mmoja: alijua nambari ya kila behewa, mahali lilipotoka, mahali liendako, uzito wake na saa ya kuingia kwake, walakini mwenye mzigo alilala na deni gani, na barua iliyochomekwa katikati ya marobota iliandikwa kwa machozi au kwa kicheko, hayo hayakumhusu wala hayakumfikia. Reli ile ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kwa muda wote huo na baadaye mizigo ya watu ilipita mikononi mwa makarani waliosoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa behewa na kuliacha behewa lenyewe limefungwa.

Namtaja karani huyo kwa sababu mwaka juzi nilitwikwa kazi yake bila ya sare yake. Mama mmoja mtu mzima, mjane wa gadi wa reli, ana nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ambako madereva wa malori ya Zambia na Kongo hulala usiku mmoja, na watalii wachache wenye mfuko mwepesi huteremka kabla ya kuingia mbugani. Alikuwa amewawekea wageni mtandao, maana siku hizi mgeni huuliza neno la siri la waifai kabla hajauliza maji ya kuoga. Lakini bando alilolinunua kwa mwezi mzima likawa halifiki katikati ya mwezi, wageni wakanung'unika, naye akawa anaongeza fedha kila wiki kama mtu anayejaza maji pipa lililotoboka.

“Mwanangu,” aliniambia baada ya kuipokea shikamoo yangu, “kuna mdudu anakula bando langu, na mimi simwoni. Wewe umesoma kompyuta. Nitazamie.”

Neno lenyewe ni hilo: nitazamie. Nililipokea kwa wepesi, kama fundi apokeavyo kazi, wala sikujua kwamba ndani yake mna mas'ala ambayo wanavyuoni wameyahangaikia kwa karne nyingi kabla ya waya wa kwanza kutandikwa chini ya bahari.

Chombo nilichokwenda nacho huitwa Wireshark. Kilianzishwa na Mmarekani Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, na mwaka 2006 kikapewa jina jipya kwa sababu lile la kwanza lilibaki kuwa milki ya mwajiri wake wa zamani. Hutolewa bure, na undani wake uko wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma. Kazi yake ni kushika kila pakiti ipitayo katika mtandao, yaani kila kifurushi kidogo cha habari, maana picha moja au ujumbe mmoja wa sauti hausafiri mzima, bali hukatwakatwa vipande ambavyo kila kimoja aghalabu hakizidi baiti 1,500, na kila kipande kikabandikwa anwani ya kitokako na kiendako, kama behewa. Ukiifungua programu hiyo kwa mara ya kwanza hukuonyesha orodha ya milango ya kompyuta yako, na kando ya kila mlango wenye msafara kimstari kinachorukaruka kama mapigo ya moyo. Unauchagua mlango uliochangamka, unaubofya, na papo hapo mistari humiminika kutoka juu hadi chini, ya samawati, ya zambarau hafifu, na mara mojamoja mweusi, ambao ni dalili ya pakiti yenye kasoro. Anayeanza hushikwa na fadhaa, akadhani ni wajibu wake kuisoma yote. Nasaha yangu kwake ni kwamba aiache itiririke kwa dakika tano, aisimamishe, kisha aifungue ile jedwali ya mazungumzo, ipangayo nani amezungumza na nani na kwa baiti ngapi, aanze kuisoma kwa yule mwenye mzigo mkubwa kuliko wote.

Walakini kabla ya kufika huko nilijifunza jambo ambalo nadhani lina hekima kupita alivyokusudia aliyelipanga. Chombo hakikunionyesha nyumba nzima. Kilinionyesha mizigo ya kompyuta yangu mwenyewe, pamoja na yale matangazo ambayo kila kifaa huyapiga kwa wote, basi. Sababu ni kwamba swichi ya kisasa humpa kila mmoja barua yake na haimpitishii jirani. Ili nione yote, ilinilazimu kuweka kati ya ruta na vifaa vingine swichi yenye uwezo wa kunakili, nikaiamuru kila kipitacho katika tundu la ruta inipe nakala yake. Nakala hiyo haimpunguzii mwenyewe kitu, wala haimpi habari. Mgeni wa chumba cha sita huendelea kuzungumza na mkewe aliye Tunduma, na neno lake likapita mara mbili: mara moja kwa mkewe na mara moja kwangu.

Hapa sharti niseme kwa insafu kwamba sikuwa nikiyaona maneno. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya mtandao siku hizi husimbwa, hata aliyeyashika njiani huona fujo tupu isiyosomeka. Lakini karatasi ya behewa haisimbwi. Anwani huonekana, saa huonekana, wingi wa mzigo huonekana. Na aghalabu simu, kabla ya kwenda popote, huuliza kwa sauti ya wazi jina la mahali iendapo, kama mgeni aulizaye njia sokoni. Ukiandika herufi tatu tu katika kisanduku cha kuchujia kilicho juu, dns, maswali hayo yote hujipanga mbele yako: simu hii imeuliza njia ya benki, hii ya kanisa, hii ya mchezo wa kamari, hii ya mpira. Hujui waliyozungumza huko. Unajua tu kwamba wamekwenda, saa ngapi, mara ngapi, na walikaa muda gani. Nani miongoni mwetu, akiwa na jirani ambaye kila siku saa nane za usiku huonekana akibisha mlango mmoja, atadai kwamba hajui kitu kwa kuwa hakuyasikia mazungumzo ya ndani?

Na huko kubisha mlango si tashbihi niliyoitunga mimi. Vifaa viwili vinapotaka kuzungumza kwa ile kanuni iitwayo TCP, cha kwanza hupeleka pakiti ndogo isiyo na mzigo wowote, ambayo hasa ni hodi. Cha pili hujibu karibu, na katika karibu hiyo hutia hodi yake. Cha kwanza huitikia kwamba kimesikia, na hapo tu ndipo habari huanza kupita. Nilikaa nikiyatazama hayo kwa furaha ya mtu aliyekuta mila za kwao ugenini: mashine zilizoundwa na watu wasiopata kusikia neno hodi zimefunzwa kupiga hodi mara elfu kwa saa. Mimi peke yangu, niliyeketi ukumbini gizani na nakala ya kila kitu, ndimi ambaye sikubisha.

Usiku huo, yapata saa tano, niliona swali la njia lililoulizwa na simu ya mmoja wa wageni, likarudiwa, likarudiwa tena. Msomaji angependa kuambiwa lilikuwa swali gani, nami namwomba radhi, sitamwambia. Yatosha ajue kwamba lilikuwa jina la mahali ambapo mtu hawezi kwenda mara tatu katika saa moja ya usiku ila ana jambo linalomkosesha usingizi, na kwamba wageni walikuwa wachache, na kwamba nilipoinua kichwa nilijua ni nani. Asubuhi mtu yule angenisalimu, nami ningemwitikia kwa uso wa mtu asiyejua, ilhali najua. Niliona haya, na haya ile haikuwa yake, ilikuwa yangu.

Je, nilifanya dhambi? Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, waumini wamekatazwa kupelelezana, na katazo hilo limewekwa pamoja na dhana mbaya na kusengenyana, kana kwamba hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja. Imepokewa kwamba Abdullah bin Masud aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zilikuwa zikidondoka ulevi, akajibu kwa maana ya kwamba tumekatazwa kupeleleza, ila jambo likitudhihirikia tutalishughulikia. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa akieleza sharti za mwenye kukataza maovu, alisema uovu huo sharti uwe dhahiri bila ya kutafutwa. Mtu aliyefunga mlango wake asiingiliwe, wala isitegwe pua kutafuta harufu ya mvinyo. Yanichekesha, na kunitia hofu pia, kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani waliozipa programu za namna hii jina la mtaani walizilinganisha na pua: huziita wanusaji.

Mtu mwepesi wa hoja atasema: basi mas'ala yamekwisha, kwani mimi sikufungua mlango wa mtu, anwani ilikuwa dhahiri, ilinijia yenyewe kwenye kioo. Nilijaribu kujitetea hivyo mwenyewe kwa muda wa nusu saa nzima. Lakini utetezi huo una ufa, kwa sababu anwani haikuwa dhahiri mpaka nilipoiweka swichi ya kunakili. Ni mimi niliyeitoa batini kuileta katika dhahiri, kisha nikadai kwamba nimeikuta hapo. Tofauti ya siri na dhahiri, ambayo wazee waliitegemea, ilikuwa na ukuta wa udongo wa kuishikilia. Kila mtu aliujua urefu wa ukuta, na aliyeupanda alijua kwamba ameupanda. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, katika doria zake za usiku, alisikia sauti ndani ya nyumba, akaupanda ukuta, akamkuta mtu na ulevi. Alipomkemea, mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, basi Amiri wa waumini amemwasi kwa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutoa salamu. Umar akamsamehe, akaondoka. Sikumbuki kisa kingine ambacho mwenye mamlaka alishindwa na mwenye kosa kwa hoja safi kama hiyo. Na hoja hiyo ilinijia kwa jina langu pale ukumbini, kwa sababu ukuta nilioupanda mimi ulikuwa mwepesi hata sikuuhisi magotini.

Hata hivyo siwezi kuungana na wale wasemao kwamba basi tusitazame kabisa, kwani nimezaliwa karibu na mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulijaa ukavunja kingo zake, ukaingia Kilosa mjini, ukabomoa majumba na kuwatoa watu kwenye maskani yao kwa maelfu, na reli iliyofuata bonde lake ikakatwa hata treni zikasimama kwa miezi. Katika nchi kama ile, mwenye dhamana ya kuyaangalia maji akiacha kuyaangalia kwa kisingizio cha kuheshimu faragha ya mto, tutamwita mwenye hiyana, wala hatutamwita mcha Mungu. Kadhalika barabara ile inayoipasua hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita zipatazo 50: isingetazamwa, isingetiwa matuta na vibao vyenye picha za twiga na tembo na faini za wanyama, magari yangewasaga swala kila usiku zaidi kuliko yanavyowasaga sasa. Mjane yule alikuwa na haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi, na wageni walikuwa na haki ya mtandao wasimoibiwa, maana mdudu alaye bando huweza pia kuwa mwizi wa maneno ya siri. Asiyetazama huacha wengine watazame, nao hawana haya.

Alhasili mushkili haukuwa katika kutazama. Niliukuta mahali pengine, nilipokuwa nimekwisha kuchoka na kufikiri, kati ya majina ya Mwenyezi Mungu ambayo bibi yangu alikuwa akiyavuta kwa tasbihi baada ya sala ya alfajiri. Yeye ni Basir, mwenye kuona, na Raqib, mwenye kuangalia. Hakuna pakiti impitayo. Wakristo nao wanafundishwa juu ya Baba aonaye sirini. Lakini waumini humwita pia Sattar, mwenye kusitiri, na kuona Kwake hakutenganiki na kusitiri Kwake: yule yule ajuaye aliyoyafanya mja usiku ndiye anayemwamsha asubuhi amevaa nguo ya heshima mbele za watu. Binadamu alipotamani jicho la Mungu, alilitamani nusu. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1791, alichora gereza la mviringo ambamo mlinzi mmoja aliye katikati huweza kumwona kila mfungwa naye asionekane, na fikira hiyo ilisifiwa kwa ujanja wake. Nami naiona kuwa ni fikira ya kufuru, kwa maana iliiba sifa moja ya Muumba na kuiacha ile iliyoifanya ya kwanza ivumilike. Chombo nilichokuwa nacho mezani kilikuwa na maelfu ya vichujio vya kuonyesha, na amri za kupanga, kuhesabu, kuhifadhi. Sitara haikuwamo katika orodha, wala simlaumu aliyekitengeneza, kwa kuwa sitara ni amali ya mtu.

Sheria za nchi zimelisogelea jambo hili kwa lugha yake kavu. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, imeweka mawasiliano ya binafsi ya mtu katika hifadhi ile ile ya nafsi yake na unyumba wake, nami hupenda kwamba waliyaweka pamoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kunasa mawasiliano pasipo haki. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, humtaka anayekusanya habari za mtu awe na sababu iliyotajwa, asichukue kupita haja yake. Ukiyasoma hayo taratibu utaona kwamba yule mlevi aliyemjibu Umar alikwisha kuyasema: sababu, mlango, salamu.

Nilirudi kwenye kioo nikakifunga kile kisanduku cha maswali ya njia, nikabaki na jedwali ya mizigo peke yake, nikampanga kila mmoja kwa uzito kama karani wa Kilosa. Mdudu alikuwa juu ya orodha. Kifaa kimoja kilikuwa kimebeba zaidi ya nusu ya mzigo wote wa nyumba, mchana na usiku bila kupumzika, kikiupeleka kwenye seva moja ya ng'ambo; nikaifuata anwani yake hadi ukutani juu ya mlango wa mapokezi, na tazama, ilikuwa kamera ya ulinzi ambayo mama mwenyewe aliifungisha ili aone nani anaingia na nani anatoka. Aliyewekwa kulinda mali ndiye aliyekuwa akiila, na kila mgeni aliyepita chini yake, bila kuulizwa, alikuwa akisafirishiwa picha yake hadi nchi asiyoijua. Niliiamuru iweke picha zake katika kadi iliyo ndani yake na iache kuzipeleka nje.

Asubuhi mama alicheka sana juu ya kamera, kisha akanyamaza, akanitazama kwa jicho la mke wa gadi.

“Na mengine, uliyaona?”

“Nimeyafunika, mama.”

“Ahsante,” akasema. “Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Miaka yote ile ya safari, sikuwahi kusikia kwake nani alipanda na nani.”

Kabla ya chai nililifuta faili lile mbele ya macho yake, nikaiondoa swichi ya kunakili, tukaandika ilani kwa kalamu nene na kuibandika karibu na saa ya ukutani, kwamba mwendo wa mtandao wa nyumba hii huweza kuangaliwa ukielemewa, kwamba yaliyomo hayafunguliwi, na asiyeridhia atumie bando lake mwenyewe. Yule mgeni wa saa tano za usiku aliisoma akiwa amebeba mkoba wake, akalipa, akatuaga, akapanda basi la Iringa. Mwezi uliofuata bando lilifika tarehe 29, siku moja pungufu. Mama alisema hiyo moja aliila yeye.